Kiazi Chini ya Sakafu

Nyundo ilipotua mara ya tatu, sakafu ya ghala ilitoa pumzi. Mfagiaji aliihisi usoni, ya vuguvugu, yenye harufu ya udongo uliolowa. Nyapara naye aliihisi, maana alirudi nyuma hatua mbili akajifanya anatafuta kiberiti.

Kila masika sakafu ile ilivimba palepale, kando ya mizani. Wameiziba mara nne. Safari hii nyapara alikata shauri: kiazi kinachoiinua king'olewe pamoja na kichwa chake kinachochipua, na pakivimba tena, mfagiaji akatafute kazi kwingine. Aliyasema hayo bila kumtazama.

Mfagiaji aliinua vipande vya saruji. Machipukizi yalikuwa meupe kama mishipa isiyo na damu, na yote, ingawa hayajaliona jua hata siku moja, yalikuwa yameelekea mlangoni.

Akapiga magoti, akachimbua kwa mikono, kwa kuwa kiazi kikuu ukikijeruhi kinaoza. Alikifuata chini mpaka mkono ukazama hadi begani. Kilikuwa kimejikunja kama ngumi, na ndani ya ngumi kimebana mawe matatu, meusi kwa masizi.

"Mawe tu hayo," nyapara alisema. "Hapa palikuwa pori, bibi. Ramani ndivyo inavyosema."

"Pori gani lina mafiga, mwanangu?"

Hakupandisha sauti. Miaka thelathini na minane ameibeba asubuhi ile waliyofukuzwa hapa: trekta mlangoni, uji ambao haukuwahi kuchemka, na mama yake, wakati wenzake wanaokoa magodoro, akikishindilia kichwa cha kiazi kwa kisigino kando ya mafiga, kana kwamba atarudi kuvuna. Walioandika pori waliandika wamesimama jikoni kwa watu.

Nyapara aligusa jiwe moja, akauondoa mkono upesi.

"Mbona la moto?"

Akaagiza kitoke chote, na kichwa, kisha akaenda kusubiri nje, juani.

Mfagiaji alikikata kiazi, akakitupa mlangoni vipande vipande. Nyapara hakuthubutu kuchungulia. Kichwa, mfagiaji akakirudisha shimoni. Akayapanga mafiga kama yalivyokuwa, akafukia, akachanganya saruji dhaifu, mchanga mwingi.

Alipokuwa akisawazisha, mwiko ulitetemeka mkononi. Chini yake saruji mbichi ilianza kutoa mapovu, moja, jingine, taratibu, kama uji unaokaribia kuchemka.