Ndimu za Lusia na Jiwe la Sipriani

Haya nimeambiwa na Lusia mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya misa, tulipokuwa tunatwanga kisamvu uani kwangu hapa Kipatimu. Alikuwa anacheka mpaka mchi ukamponyoka, ikabidi mimi nitwange na yeye asimulie.

Mumewe, Sipriani, aliokota jiwe jekundu katikati ya michungwa yao. Mnunuzi mmoja aliyepita na pikipiki akalipima kwa kiganja, akasema, "Mzee, nusu yake ikiwa chuma, naleta watu wachimbe." Tangu siku hiyo Sipriani ni kunoa shoka tu, aikate michungwa kupisha shimo. Na michungwa ile saba aliipanda Lusia, mmoja kila alipojifungua. Watoto wawili kati ya hao hatunao tena. Imebaki miti yao.

Binti yao Devota anafundisha kemia Lindi. Aliliponda jiwe, akaliyeyusha kwa asidi huko shuleni, lakini baba yake akakataa majibu ya mbali.

"Nataka nione kwa macho yangu!"

Basi Devota akaja nyumbani na chupa mbili za maji ya jiwe, chupa ya maji ya zambarau, na bureti, yaani bomba refu la kioo lenye mistari na koki kwa chini. Alikuwa ameliviringisha kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Ni hivi, baba. Nadondosha zambarau humu. Chuma kinaimeza rangi. Kikishiba, rangi inabaki. Kadiri kinavyokunywa nyingi..."

"Ndivyo ninavyotajirika," akamalizia Sipriani.

Lusia alisikia neno chuma tu. Akawaza: kutu si chuma? Na kutu kwenye kanga tunaitoa kwa kitu gani? Ndimu na chumvi, unaanika juani, kwisha! Baba na binti walipoingia ndani kutafuta kiti cha kufungia bureti, akakamulia ndimu mbili kwenye chupa ya kwanza, akatia na chumvi, akarudi kwenye kinu kama malaika.

Devota akafungua koki. Tone, likapotea. Tone, likapotea. Bureti ikaisha, akaijaza tena.

"Linakunywa kama ng'ombe!" Sipriani akapiga makofi. Lusia jasho lilimtoka.

Devota akapiga hesabu kwenye simu, akakunja uso. "Asilimia mia na nne."

"Imezidi!"

"Haiwezekani, baba. Jiwe likiwa chuma tupu mpaka moyoni, linafika mia. Hiyo nne imetoka wapi?"

"Nyongeza! Mungu akitoa hapimi!" Akalikamata shoka, huyoo, mpaka mchungwa wa kwanza. Shoka liko hewani, Lusia akaukumbatia mti.

"Ni ndimu zangu, baba Devota! Ndimu na chumvi!"

Devota akanusa chupa, akakaa chini kwa kicheko. "Mama! Ndimu nayo inakunywa zambarau. Umemwongezea baba utajiri!"

"Mimi nilitaka kukitoa hicho chuma, mwanangu. Mbona kwenye kanga kinatoka?"

"Kwenye kanga kinahamia majini. Hapa kiko majini tayari, kihamie wapi?"

Ikaja chupa ya pili. Safari hii Lusia alikalishwa mbali, mikono magotini. Matone hayakufika mbali, maji yakageuka waridi na waridi ikakaa.

"Asilimia kumi na tisa," akasema Devota. "Nusu haifiki, baba."

Sipriani akaitazama chupa, akamtazama mkewe, akauliza kwa upole, "Mama Devota, ndimu zimebaki?"

Shoka likarudi darini. Walipomaliza ugali, Devota akalala ndani, maana barabara ya kuja huku inavunja mgongo. Sipriani akatandika mkeka chini ya mchungwa uleule aliotaka kuukata, akanuna kidogo, akakoroma. Lusia akakusanya ndimu zote za nyumba ile, hata mbichi, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaliweka chini ya kichwa. Ndipo naye akalala.