Mfuko wa Milimita

Karakana nzima ilimwita Milimita, naye hakuchukia. Alikuwa seremala wa kabati na milango, mtu wa kumrudishia fundi mwenzake mbao kwa sababu imezidi kwa unene wa ukucha. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Wanafunzi walimpachika jina la Mama Mwiko, na aliwapikia watu mia nne bila kupima kitu: chumvi kwa jicho, maji kwa jicho. Miaka ishirini na sita ya ndoa waligombana juu ya hilo, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ugomvi uliokuja baadaye haukuwa wa chumvi.

Siku ya kuchukua majibu waliingia watatu kwa daktari: Milimita, mkewe, na dada mkubwa wa Milimita, mjane muuza vitambaa, ambaye neno lake katika ukoo ule halikukatwa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Akasema ni saratani, iko chini kabisa ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Kisha akauliza, "Damu ulianza kuiona lini?"

Milimita akaangalia viatu vyake.

"Kama wiki tatu," mkewe akajibu, maana hivyo ndivyo alivyoambiwa.

"Wiki tatu wapi," dada mtu akadakia. "Miezi minane sasa. Nilimpa dawa ya mitishamba ya unga, akapata nafuu kidogo."

Mama Mwiko alimtazama wifi yake, akamtazama mumewe. Walipofika kwenye korido, penye benchi la chuma na watu wanaosubiri zamu yao, akamgeukia mumewe.

"Miezi minane unalala ubavuni kwangu unaniambia ni gesi."

"Sikutaka kukutia hofu," mumewe akasema.

"Dada yako hukuogopa kumtia hofu?"

"Wifi, hapa ni hospitali," dada akaingilia. "Mwenzio mgonjwa, wewe unadai kuambiwa!"

"Leo usiniite wifi. Ulikuwa unamnywesha unga huku kidudu kinamla, na Jumapili unakuja mezani kwangu, unakula, unanawa, unaniaga."

Watu kwenye benchi waligeuza nyuso. Milimita alitangulia kutoka nje, mkono ukutani, na wanawake wale wawili wakamfuata kila mmoja upande wake.

Matibabu yalianza na mionzi, wiki sita, kila siku ya kazi, pamoja na vidonge vilivyomkausha mdomo. Mama Mwiko aliwahi jikoni alfajiri, akaandaa chai ya wanafunzi, saa tatu akamwachia mwenzake sufuria na kumpeleka mumewe hospitali. Wiki ya nne ngozi ya makalio ilibabuka, mtu hawezi kukaa wala kulala chali. Mkewe alimkandia maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta aliyopewa na muuguzi. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kimyakimya, na uso umekunjwa.

"Unanishika kama unaosha sufuria," Milimita alimwambia.

"Sufuria hailalamiki."

Kila kitu kikawa kosa. Chai ya moto, kosa. Chai ya vuguvugu, kosa. Mlango ukifungwa anabanwa, ukiachwa wazi majirani wanamchungulia. Asubuhi moja alikataa kuvaa, akageukia ukuta.

"Kama umechoka na mimi, rudi kwenu."

"Nimechoka na wewe," mkewe akasema, "na siendi. Vaa viatu, tumechelewa."

Mionzi ilipokwisha, akalazwa kwa upasuaji. Daktari alimweleza bila kumficha: sehemu yote yenye ugonjwa itakatwa, njia ya chini itafungwa kwa kushonwa, na choo kitatokea kwenye tundu dogo tumboni, kiingie kwenye mfuko wa kubandika. Maisha yake yote. Akamchorea alama kwa kalamu upande wa kushoto wa kitovu, akamwachia fomu ya ridhaa aisome na kutia saini.

Saa ya kuwaona wagonjwa, dada mtu ndiye aliyetangulia kufika. Mama Mwiko alipoingia wodini na chupa ya supu alikuta fomu imegeuzwa chini juu ya kabati, haina saini.

"Ndugu yangu hatatembea na choo tumboni," wifi yake akasema. "Ni mwanamume. Heshima yake itabaki wapi?"

"Na wewe unasemaje?" mke akamuuliza mumewe.

Kidole cha Milimita kilikuwa kikisugua ile alama ya kalamu.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio, na Mama Mwiko hakupunguza sauti. "Sikiliza. Sitakubembeleza. Namwita daktari, umwambie mbele yangu kwamba umechagua kufa. Nataka nisikie mwenyewe kwa masikio yangu. Safari hii siletewi habari na dada yako."

"Una roho mbaya wewe," wifi yake akasema.

"Ninayo. Daktari!"

"Lete hiyo kalamu!" Milimita akafoka. "Lete nisaini, unyamaze, watu wapumzike!"

Akasaini kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Upasuaji ulichukua saa tano. Mke na wifi walikaa benchi moja, katikati yao mkoba. Saa ya tatu dada mtu alianza kulia, kilio cha kujibana kwenye kona ya mtandio. Mama Mwiko alimwona, akamwacha alie.

Nyumbani, Milimita hakutaka kuliona tundu. Kila mfuko ulipobadilishwa alifunika uso kwa mto. Muuguzi alikuwa amemfundisha mkewe: osha, kausha, kata kwenye kibandiko tundu linalolingana sawasawa na lile la tumboni, la sivyo choo kinavuja na kuunguza ngozi. Mama Mwiko alikata kwa jicho. Mfuko ukavuja Jumatatu, ukavuja Jumatano, na Alhamisi shuka mbili zikaharibika kabla ya saa sita mchana.

"Unakata kama unamenya vitunguu!" Milimita akapiga kelele toka chini ya mto. "Kazi ndogo kama hii inakushinda!"

"Basi kata mwenyewe!"

Alimtupia mkasi kitandani, akaenda jikoni na shuka chafu mikononi. Akafungulia maji ili asisikie kitu. Hata hivyo alisikia droo ikivutwa.

"Thelathini na mbili!" sauti ikatoka chumbani. "Rula inasema milimita thelathini na mbili! Wewe umenikatia arobaini!"

Mama Mwiko alizika uso kwenye taulo la jikoni. Kama alicheka au alilia, hata yeye hakujua. Kuanzia siku ile mumewe alijikatia mwenyewe, na mfuko haukuvuja tena.

Kabla ya dripu za kumalizia matibabu, dawa ya kuua mabaki ya saratani, dada mtu alikuja na kifurushi chake cha unga. Aliongea sebuleni kwa sauti ya kufika jikoni. "Dripu za nini tena? Ungekuwa na mke mwenye huruma, asingekubali ukatwe."

"Dada," Milimita akasema, "unajua kwa nini nilikuja kwako kwanza?"

"Kwa sababu mimi ni damu yako."

"Kwa sababu nilikuwa mwoga, na nilijua wewe hutanipeleka hospitali. Huyu angenipeleka siku ileile. Ndiyo maana nilimficha."

Uso wa dada ulimshuka. "Unanifukuza?"

"Unga uondoke. Wewe ukitaka, kaa."

Aliondoka na unga wake. Miezi minne hakukanyaga nyumba ile, na aliporudi alimsalimia mdogo wake tu.

Mtu angedhani maneno yale yalimpoza Mama Mwiko. Yalimwongezea moto. Kumbe alijua! Alijua pa kupelekwa, na akakwepa makusudi. Alikaa na jambo hilo kifuani dripu ya kwanza, ya pili, ya tano. Lilimtoka siku ya dripu ya mwisho, baada ya daktari kuwaambia picha ya kipimo ni safi na warudi baada ya miezi mitatu. Milimita alikuwa kwenye kiti cha dripu, amepauka, kichefuchefu kimemshika, na mkewe amemshikia beseni.

"Bado nimekukasirikia," akamwambia. "Usidhani picha safi imefuta kitu."

"Najua."

"Sijui nitaacha lini."

"Sawa," Milimita akasema, jasho likimtoka. "Sogeza beseni."

Akalisogeza, na mkono mwingine akamshika shingo kwa nyuma mpaka alipomaliza.