Ati Ilikuwa Kiswahili

Mambo yaliharibika Jumatatu tarehe 8 Novemba 1993, nilipokwenda stesheni ya redio, Ilford, huku kwa Waingereza, kuchukua kaseti ya marehemu mke wangu. Jumamosi yake ilikuwa Diwali. Wanawake wenziwe, Watelugu wachache tu, walikuwa nyumbani kwangu wananingoja nayo, wajifunze wimbo wake wa mwisho, wauimbe siku hiyo.

Sudha, mke wangu, alikuwa Mtelugu, Mhindi wa kusini mwenye lugha yake. Kihindi kwake lugha ya watu. Mie niliyekimbia Unguja baada ya mapinduzi nilijua Mhindi ni Mhindi, basi. Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Alitunga nyimbo, akaandika michezo ya redio, na kila Jumapili akatangaza kwa lugha yake. Mie nilikuwa nafagia ngazi za hapo hapo. Tulipooana, wakubwa wa stesheni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kiswahili alikidaka upesi. "Maneno yenu na yetu ndugu," akinambia, "yote yanaishia mdomo wazi: a, i, u."

Wimbo ule aliutunga mkono ushakataa kushika kalamu. Aliupanga kichwani, akauimba moja kwa moja kwenye maikrofoni. Haukuwako pengine popote ila kwenye kaseti ile.

Nikamkuta Chaman, meneja, mzaliwa wa Nairobi, anakula kachori juu ya meza ya kazi, mafuta yanamchuruzika mpaka kiwiko. Kaseti ya Sudha ilikuwa mbele yake, imejaa alama za vidole vyake.

"Chukua, mzee," akasema. "Lakini ndani iko nyimbo ya sinema sasa. Diwali karibu, kaseti tupu hakuna, mimi natumia hii."

"Hii tupu vipi? Mke wangu si alikuwamo?"

"Mimi nasikiliza kwanza. Nasikia a-a-a, u-u-u, kila neno nakwisha hivyo. Nafikiri hii Kiswahili. Nafikiri wewe na fagio yako nafanya mchezo na mashini."

"Umezaliwa Nairobi, Kiswahili hukijui?"

"Najua ya jikoni, bwana. Leta chai, peleka chai." Akacheka, na kipande cha kachori kikamruka mdomoni kikatua kwenye shati langu.

Miaka yote ile Sudha kamwandalia vipindi, na huyu hakuwahi kukaa akasikiliza hata kimoja. Angesikiliza angeijua sauti, hata kama maneno hayajui. Ndiyo wakubwa hao. Wanapewa ufunguo wa nyumba wasiyojua hata imejengwa na nani, kisha wanatema mate ukutani. Nilishikwa na kinyaa. Nikaipangusa kaseti kwa kitambaa. Mafuta yakazidi kutapakaa.

"Pole, mzee," akasema. "Mimi kama najua ile iko Kihindi ya mama, hapana futa. Haki ya Mungu."

"Kitelugu."

"Haya, hiyo hiyo."

Nikawafikiria wale wanawake sebuleni kwangu, na kinanda chao, harmoniamu, washakitoa kwenye sanduku. Mahadhi yake mie naweza kuyaguna mdomo umefumba, lakini neno hata moja sina. Chaman keshanyoosha mkono kwenye kachori nyingine, kwake yamekwisha.

"Bwana Chaman," nikamwambia, "na lau kingekuwa Kiswahili kweli, ndiyo ilikuwa halali kukifuta?"