Beseni la Maharagwe ya Daktari

Nianze kwa kusema wazi: mimi si mwizi, wala si mzembe. Nimepika kwenye kituo hiki cha utafiti wa mazao miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kung'ata jiwe kwenye sahani yangu. Waulize. Kuanzia Mkuu wa kituo hadi wafagizi wananiita Shangazi, na shangazi hachezewi.

Jioni ile nilimwambia mtunza stoo aniwekee maharagwe mezani, nikayaloweke. Mtunza stoo tunamwita Kesho, kwa sababu hiyo ndiyo siku yake ya kufanya kila kitu. Nilipofika, hayupo. Mezani pana mfuko mmoja wa karatasi, umejaa maharagwe madogo ya rangi ya udongo. Nikasema, afadhali, leo Kesho kapata akili. Mbegu za watafiti nazijua mimi, huwa zimepakwa dawa ya rangi ya waridi ili mtu asizile. Haya yalikuwa masafi. Nikayachambua, nikayaosha, nikayaloweka yote kwenye beseni.

Asubuhi nikabandika nusu, nusu nyingine nikaiacha kwenye beseni isubiri sufuria ya pili. Nikaenda kukata vitunguu. Kurudi kutazama, hata saa moja haijatimia, maharagwe yameiva tepetepe! Nikayaonja mara mbili kwa kutoamini. Maharagwe ya stoo yetu hayalainiki mpaka yamalize nusu gunia la mkaa. Nikafurahi peke yangu, nikaanza na kuimba.

Ndipo Daktari akaingia.

Daktari wetu si wa sindano, ni wa mbegu. Binti mwembamba, mpole, anayekula amesimama kama anayefukuzwa. Miaka sita alikuwa anatafuta aina ya maharagwe itakayozaa hata mvua ikikata. Baba yake mzazi ni mkulima, na misimu mitatu mfululizo joto lilipukutisha maua shambani kwake, mpaka mzee akaapa kwamba maharagwe basi. Hayo binti alinisimulia hapa hapa jikoni. Msimu uliopita alipanda aina arobaini, jua likaua thelathini na tisa. Ile moja iliyobaki ilimpa kilo mbili na nusu, na popote pengine haipo.

"Shangazi, hujaona mfuko wangu?" akaniuliza. "Niliuacha pale stoo mezani, nataka kuupima kabla sijazipaka mbegu dawa."

Nikajua mfuko ule ulikuwa wake. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza, na badala ya kuomba radhi nikaanza kufoka. "Mtu anaachaje mbegu juu ya meza? Maharagwe ni maharagwe! Yameandikwa usoni?"

Akatazama sufuria. Akakaa juu ya gunia la mkaa na koti lake jeupe, akalia kimyakimya. Jamani, heri angenitukana.

"Nilitaka nimpelekee baba konzi moja ya mbegu," akasema. "Aione tu."

Hasira zote zikaniisha. Nikamshika bega. "Mwanangu, nimekosa. Nimekosa kweli. Ila nusu bado iko kwenye beseni."

Akaruka pale alipokaa. "Umetia chumvi?"

"Chumvi inatiwa yakishaiva."

"Magadi?"

"Magadi ni ya wapishi wavivu."

"Maji ya moto?"

"Ya bomba, Daktari. Baridi."

Akachukua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akaisogeza dirishani. "Nzima," akasema. "Kiini kizima. Shangazi, haya hayawezi kukaushwa tena, na yakilala humu yataoza. Lazima yaingie ardhini leo."

Leo! Mvua bado miezi miwili, ardhi imepasuka. Wakati huo huo Mkuu akatokea mlangoni. Habari mbaya kituoni kwetu haihitaji simu. Akanitazama juu mpaka chini. "Shangazi, barua ya kujieleza. Mezani kwangu, leo."

"Barua itasubiri, Mkuu," Daktari akamkatiza. Sijawahi kumsikia akimkatiza mtu. "Naomba watu wote nyuma ya jiko."

"Wote?"

"Na wewe."

Basi tukapanda. Mkuu alikunja suruali, akaonyesha miguu ambayo tangu azaliwe haijaona jua. Dereva alichimba, karani alipima nafasi kwa rula ya ofisini, na Kesho alipanda bila kuahirisha chochote, maana alijua naye ana lake la kujibu. Punje elfu tatu na ushee, moja moja, na kikombe cha maji kwa kila shimo. Mchana wakala ile sufuria niliyoipika. Wengi waliomba kuongezewa, kisha wakaona haya. Daktari hakugusa.

Barua yangu Mkuu aliiweka kwenye droo. "Yakiota tutazungumza," akasema. "Yasipoota, tutazungumza pia." Nikajua kibarua changu kimelala kwenye lile shamba, pamoja na miaka sita ya mtoto wa watu.

Siku ya nne nikatoka na uji jikoni, nikaona ardhi imeinuka kidogo hapa na pale. Nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu. Yameota! Na yameota mapema, Daktari akasema, kwa sababu yalikwisha kunywa maji kwangu. Hiyo sikuiacha ipite. Nilimwambia kila aliyekuja kuchukua chai.

Lakini kuota si kuzaa. Jua lile, mama yangu! Adhuhuri majani yalijikunja nikawa siwezi kuyatazama. Siku moja nikabeba beseni la maji niliyooshea mboga, nikanyatia. Daktari akanikuta.

"Usiyamwagie, Shangazi."

"Yanakufa!"

"Ukiyamwagia hatutajua lolote. Shambani kwa baba nani atakuja na beseni?"

Nikayamwaga maji kando, nikarudi jikoni nikinung'unika. Siku hiyo nilimchukia kidogo.

Kisha yakatoa maua meupe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikwenda kutazama chini kama yamepukutika. Yalipukutika machache. Mengine yakashika. Siku tulipovuna na kupepeta, debe moja lilijaa, yakabaki na ya sahani moja. Mkuu akatoa barua yangu kwenye droo, akaichana vipande viwili, akaniuliza chai iko wapi.

Wiki iliyofuata baba yake Daktari akaja. Mzee mrefu, kofia mkononi, amevaa shati la kutokea. Tulikusanyika pale stoo. Daktari akamfungulia mfuko, akaanza kumweleza joto, mizizi, siku za kukomaa, na takwimu zake zote. Mzee akachota konzi, akayachezesha kiganjani. Binti yake alikuwa amemkazia macho kama mtoto anayengoja kusahihishiwa daftari.

"Sawa, yanazaa," mzee akasema mwishowe. "Lakini mama yako ataniuliza moja tu. Yanaiva upesi? Kuni zenyewe siku hizi ni za kutafuta."

Daktari akapekua makaratasi yake. Kwenye yote hapakuwa na safu ya jiko. Mkuu akamtazama Kesho, Kesho akatazama dari. Katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyewahi kuyapika maharagwe yale.

Daktari akageuka, akaniona mlangoni na aproni yangu. Akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Baba," akasema, "muulize Shangazi."

Nikafuta mikono, nikasogea mbele. "Shikamoo mzee," nikasema. "Saa moja haitimii. Na magadi hayahitaji."

Mzee akanitazama, akamtazama binti yake, kisha akainua kofia ile na kuigeuza juu chini.

"Nitilieni humu," akasema. "Nitapanda."