Pointi Sita za Mwalimu Muriuki

Muriuki alifundisha historia miaka kumi na mmoja huko Bonde la Ufa, na ualimu, jamani, haumtoki mtu kwa kupanda ndege. Huku Minnesota kazi yake ni kuwaogesha wazee kwenye makao fulani ya Eagan, lakini Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa, yeye bado ni Mwalimu. Wazazi humletea watoto wao, naye huwapa historia ya Marekani na ya dunia nzima kama alivyowapa watahiniwa wake: swali, kisha pointi sita, ziandikwe na zikaririwe. "Maoni yako baki nayo," huwaambia. "Mtahini hakuyaomba."

Basi likatoka swali shuleni, kule Apple Valley: kwa nini mamilioni ya watu weusi waliondoka kusini mwa Marekani wakahamia miji ya kaskazini? Muriuki akatoa pointi sita safi. Binti yake Makena akaziandika. Bravin na Velma, wenzake wa kanisani na wa darasa lilelile, wakaziandika pia, neno kwa neno. Kenya wangepewa alama zote na kupigiwa makofi. Huku waliambiwa wameibiana kazi.

Bravin na Velma walipokea sifuri zao wakanyamaza. Makena hakuweza. Sifuri ile ingemtoa katika darasa la historia ambalo alama zake huhesabiwa hata chuo kikuu, darasa alilolihangaikia mwaka mzima. Mwalimu wake, binti mdogo asiye na makuu, akakubali kumsikiliza mara moja tu, kwa mdomo. Mzazi angeruhusiwa kukaa, ila asiseme.

Muriuki alifika na sare ya kazi mwilini. Mlangoni alijaribu kujieleza.

"Mwalimu, pole kwa usumbufu. Hizo noti ni zangu. Mtoto hana kosa."

"Asante, mzee. Leo tunamsikiliza yeye."

Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, magoti yakigonga meza. Aliona aibu, nami simlaumu.

"Makena," mwalimu akasema taratibu, "weka kitabu kando. Familia yenu nayo ilihama kwao. Kwa nini?"

Makena akatulia. Swali la namna hii alilijua. Akanyoosha mgongo, akahesabu kwa vidole.

"Moja, kutafuta kazi. Mbili, elimu bora. Tatu, huduma za afya. Nne, jamaa waliotangulia."

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Muriuki alisikiliza pointi zake zikitoka moja baada ya nyingine, na katika hizo hapakuwa na hata moja iliyomtoa kwao. Kilichomtoa ni vijana waliokuja na petroli baada ya uchaguzi ule wa mwaka 2007. Alilala mtaroni na mkewe, mwenye mimba ya huyuhuyu Makena, wakaitazama nyumba yao ikiteketea. Kati ya waliobeba madebe aliwatambua wawili. Walikuwa kidato cha tatu, wanafunzi wake. Aliwafundisha chanzo cha vita, na kwenye mtihani waliandika pointi zote sita. Hayo Makena hajawahi kuambiwa. Akiuliza, hujibiwa kwamba walikuja kutafuta maisha.

"Tano, biashara. Sita, amani na utulivu."

Mwalimu akasema, "Hizo ni sababu za watu wengi. Nyinyi je? Kwenu kulitokea nini?"

Makena akageuka kumtazama baba yake. Kanisani, mtoto akikwama, Muriuki humtajia neno la kwanza, mengine yakafuata yenyewe. Makena alikuwa akilingoja neno hilo.

Muriuki akafungua mdomo. Mwalimu akainua kiganja, kwa upole kabisa, naye akaufunga. Moyo ulimuuma kwa sababu alijua kwamba hata angeruhusiwa, hakuwa na la kuanzia. Miaka kumi na saba alikuwa hajalitafuta.

Makena akamrudia mwalimu.

"Hiyo Dadi hajanipa," akasema, na mwalimu akachukua kalamu kuithibitisha ile sifuri.