Sauti Iliyokaa Chini ya Mkeka

Kulipopambazuka Akenese alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi ya kupikia ndizi, na ndipo alipowaona watu wa ukoo wa Vaitoa. Walikuwa wamekaa uani kwake juu ya changarawe, vichwa wameinamisha. Mbele yao palikuwa na mkeka wa heshima, ule laini usiotolewa ila kwenye maziko na arusi. Mkeka ulikuwa umeinuka kimo cha mtu aliyepiga magoti, lakini chini yake hapakuwa na magoti ya mtu.

Wiki ile Vaitoa alikuwa amemkata panga Masina, binti pekee wa Akenese, aliyekuwa akitoka mazoezi ya kwaya. Kijiji kizima kilijua kwamba Vaitoa alikuwa anasikia sauti tangu alipoacha shule. Sasa ndugu zake walikuja kufanya ifoga, yaani kukaa chini ya mkeka mbele ya nyumba ya wafiwa mpaka wafiwa waufunue, au watoke na mapanga. Desturi ni hiyo, haina njia ya katikati. Anayefunikwa huwa ni mkubwa wa ukoo.

"Nani yumo humo?" aliuliza Tuala, kaka yake Akenese na mkuu wa ukoo wao, akiwa bado anafunga shuka yake ya lavalava kiunoni.

"Ile sauti," alijibu Lusia, mama yake Vaitoa. "Ndiyo iliyomtuma, mzee wangu. Mwanangu hakuua. Alitumwa."

"Ni kweli," ikasema sauti kutoka chini ya mkeka. "Nilimtuma mimi. Nisameheni."

Ilikuwa sauti ya kiume, ya upole, kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Wazee wakajitenga kushauriana. Mmoja alitaka kujua kama kitu kisicho na cheo wala ukoo kinaweza kuomba radhi. Mwenzake akamjibu, "Mbona kimeshaomba?" Mwingine akasema hata wakiiacha juani hadi magharibi haitazimia, watakaozimia ni wao. Basi Tuala akaenda akaufunua mkeka, na wanawake wa pande zote mbili wakaangua kilio. Akenese hakuulizwa. Alikuwa bado ameshika kifuu cha nazi mkononi. Lakini naye alipumua, maana kuichukia sauti ni kazi nyepesi kuliko kumchukia mtoto wa jirani uliyembeba mgongoni. Nguruwe wakachinjwa, watu wakala.

Baadaye jaji, kwa maneno marefu zaidi, alisema yale yale yaliyosemwa uani. Vaitoa akapelekwa hospitali badala ya gerezani.

Sauti ilibaki kwa Akenese, kwa sababu aliyepokelewa radhi yake hafukuzwi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sauti haikuwa na mikono ya kushikia jembe, kwa hiyo ilipewa kazi ya kufukuza kuku waliokuwa wakiparua majimbi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: ilikuwa na adabu. Watu wakisali jioni, ilinyamaza.

Siku moja Akenese alikuwa anamenya majimbi, akaiuliza, "Siku ile ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, mkate huyo."

"Ndiyo ulianza siku hiyo?"

"Aa, mama, miaka mingi hiyo! Nilimwambia amkate Tuala wako, akaniambia, nyamaza, yule ana wanaume nyumba nzima. Nilimwambia amkate mchungaji. Akakaa chini barabarani, akashika kichwa mpaka mimi mwenyewe nikachoka. Nilimwambia aoshe vyombo vya mama yake. Hilo ndilo hakuwahi kunisikia kabisa."

"Na mwanangu?"

"Masina hakuwa na kaka," ilisema sauti.

Akenese aliacha majimbi pale pale na kwenda kwa Tuala. Alikuwa na hasira iliyomfanya asahau kubisha hodi. Alimkuta anakunywa kakao.

"Alikuwa anachagua," alisema.

"Dada, mkeka ukishafunuliwa haufunikwi tena."

"Mliufunua nyie."

"Kwa niaba yako."

"Nilisamehe sauti. Sasa kama yeye alikuwa anachagua, nimemsamehe nani?"

"Mgonjwa wa akili hachagui, Akenese. Hata jaji kasema."

"Wewe alikuchagua usife."

Tuala akasema kakao inapoa, na kwamba jambo lililokwishaliwa nguruwe wake halirudi barazani. Alikuwa kaka mwema, na usiku ule alimpelekea samaki. Wazee wengine hawakupeleka kitu.

Vaitoa alirudi baada ya mvua, amenenepa kwa dawa, mikono inamtetemeka. Hospitali ilikuwa imesema amepona. Asubuhi moja alipita njiani peke yake, na Akenese alikuwa nje anakata kuni kwa panga.

"Yule pale," ilisema sauti, kwa upole ule ule ilioutumia kufukuzia kuku. "Mkate."

Akenese alikuwa akidhani amri kama hiyo huja kwa kishindo. Ilikuja kama wazo lake mwenyewe, na mkono ulikuwa umeshanyanyuka kabla hajajua. Akaliachia panga. Akakaa chini kwenye changarawe, akashika kichwa kwa mikono miwili, na sauti ikaendelea kusema, mkate, mkate, bila kupanda.

Vaitoa alisimama. Aliujua mkao ule.

"Imekwambia, mama?"

"Imeniambia."

"Mimi?"

"Wewe."

Naye akakaa chini, ng'ambo ya njia, hakuthubutu kuingia uani. "Hata mimi nilikuwa nakaa hivyo hivyo," alisema. "Nilikaa mara nyingi sana. Nilikwenda mpaka zahanati, wakaniambia nikapumzike."

"Na kwa Masina?"

Akenese alimsubiri, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

"Kwa Masina sikukaa," alisema Vaitoa.

"Kwa nini?"

"Sijui, mama. Labda nilikuwa nimechoka. Labda ni kwa kuwa hakukuwa na wa kumwogopa. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Sauti bado ilikuwa inasema. Akenese alilisogeza panga kwa mguu, lakini halikwenda mbali.

"Nenda kwenu," alimwambia. "Na siku nyingine usipite hapa peke yako."