Shibiri Moja Kupita Mpaka

Katika vichochoro vya Kyoto, mtu hufagia mbele ya nyumba yake, kisha hupitisha ufagio shibiri moja upande wa jirani, basi. Ukiishia mpakani kabisa, wewe mchoyo. Ukizidisha shibiri, umemwambia jirani kwamba ni mchafu. Bi Sumie alizaliwa ndani ya adabu hiyo na alitarajia kufa nayo.

Lakini upweke, jamani, haujui adabu. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyevua viatu nyumbani kwake isipokuwa fundi wa gesi, naye alivivua haraka na kuvivaa haraka zaidi. Maongezi yake ya siku nzima yalikuwa na Mzee Yasaburo, mgane wa nyumba ya pili. Majani ya miti ya momiji yalipoanza kuwa mekundu na kupukutika, walikutana kila asubuhi na fagio zao. Mmoja atasema baridi imeanza kuuma. Mwenzake atasema kweli, imeanza. Kisha kila mtu ndani kwake. Bi Sumie aliyarudiarudia maneno yale mpaka jioni, kama mtu aliyebakiwa na tonge moja.

Chai alishamkaribisha mara nyingi. Lakini karibu ya mlangoni huko hujibiwa kwa kuinama na kusema siku nyingine, na Mzee Yasaburo alikuwa na adabu za kuuzia watu. Bi Sumie akachoka na siku nyingine.

Ndipo akafanya kituko. Mzee alipokwenda kwa daktari wa macho, Bi Sumie alivuka mpaka, akavuka na shibiri, akafagia mpaka kizingitini kwa mwenyewe. Hata vyungu vya maua alivisogeza akafagia chini yake. Alijua fika anachokifanya. Mtu aliyefanyiwa hivyo lazima aje, ama kushukuru ama kugomba, na maskini Bi Sumie alikuwa tayari kwa lolote. Akatandika mito miwili ya kukalia, akabandika maji.

Mzee alikuja kweli, na boksi la keki za maharage mekundu mkononi. Aliinama mpaka kipara chote kikaonekana, akaomba radhi kwa usumbufu, akaziacha keki mlangoni, akaenda zake. Viatu hakuvua. Maji yalichemka mpaka yakakauka.

Na balaa halikuishia hapo. Kesho yake Bi Sumie alipotoka na ufagio, mbele ya mlango wake palikuwa peupe, hakuna hata jani. Mzee alikuwa amedamka kulipa fadhila. Akafanya hivyo kesho kutwa, na siku zilizofuata. Bi Sumie alipojaribu kumuwahi, mzee akawahi zaidi. Yale maongezi ya baridi nayo yakafa. Alitaka kikombe cha chai, sasa hata salamu ameikosa. Alilia jikoni peke yake, huku akila keki.

Asubuhi moja hakushika ufagio. Alibeba gunia la majani ya uani kwake, akasimama mpakani, akayamwaga yote njiani, akayatawanya kwa miguu. Mwanamke wa miaka sabini na ushee, anapekua kama kuku! Mlango wa jirani ukafunguka.

Mzee Yasaburo aliitazama njia, akamtazama yeye. "Bi Sumie, kumbe usiku kulikuwa na upepo."

Alikuwa anamsitiri, na Bi Sumie alilijua hilo. Hakukubali kusitiriwa.

"Hakukuwa na upepo. Nimeyamwaga mimi." Akamwonyesha gunia tupu. "Ukinifagilia alfajiri, mimi sina mtu wa kuzungumza naye mpaka kesho. Na kesho nayo huwa hupo."

Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Mzee aligeuka akaingia ndani, na Bi Sumie akajua yamekwisha. Alikuwa ameshaanza kuyazoa majani kwa mikono mzee alipotoka tena, na ufagio. Akaanza kufagia karibu na miguu ya Bi Sumie, polepole mno.

"Mimi nilidhani umechoshwa na uchafu wangu," alisema bila kuinua kichwa. "Nikaona bora niamke mapema, usilazimike kuniona."

Mzee alifagia kidogo, akasimama, akaegemea ufagio wake.

"Haya majani," akasema, "leo tusiyamalize."